Marehemu Aliyejibu

St. Louis, Agosti

Kaka Hamdija,

Joto la huku ni kali, na mgongo unanisumbua. Alhamisi nilikwenda maktaba, mjukuu wangu Ajla alipohitimisha warsha ya uandishi ya watoto ya likizo. Waliagizwa kumwandikia barua marehemu wa ukoo.

"Mwalimu," Ajla akasema, "wangu amejibu."

Watu wakacheka. "Kutoka ahera?"

"Kutoka Bosnia. Bibi Senada, jamaa yetu wa mji wa Zenica huko, alinipa anwani yake."

Miaka thelathini nimewaambia wa nyumbani kwangu ulifia vitani, kwa kuwa nilishindwa kusema kwamba nilikuacha umejeruhiwa, nikapanda basi peke yangu.

Ajla akanigeukia. "Babu, kwa nini ulimuua?"

Sijamjibu. Nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Mdogo wako aliyekuzika ukiwa hai,
Mirsad