Majaribio mawili na msiba wa Mzee Kondo

Jumanne, 15 Oktoba

Sokoni Mchikichini tangu alfajiri. Robota la mitumba la leo ni la mashati ya watoto, limetoka zuri. Mama amechambua, mimi nimetundika. Mchana nimerudi nyumbani Kariakoo, nimeoga, nimefungua kompyuta. Kama kila siku.

Niandike nilipofika, nisije nikachanganya mambo. Mafunzo ya kazi niliyoomba ni ya miezi mitatu, yanalipwa, unayafanya ukiwa kwako. Programu ni huria, maana yake msimbo wake uko wazi: yeyote anausoma, yeyote anapendekeza marekebisho. Niliyoichagua ni ya maktaba za shule. Hawaulizi cheti. Wanaangalia kama rekebisho lako limekubaliwa kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo ni Jumatatu ijayo. Waombaji tuko watano. Nafasi mbili.

Rekebisho langu ni dogo. Ukitafuta kitabu na kwa bahati mbaya ukaacha nafasi mbele ya jina lake, programu inasema kitabu hakipo. Kumbe kipo. Nimetuma Jumapili. Msimamizi wetu anaitwa Marta, yuko Ulaya. Bado hajajibu.

Nikipata, nitajilipia chuo. Nisipopata, nabaki na marobota. Sioni njia ya tatu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Marta amejibu! Anasema rekebisho ni safi. Anataka niongeze majaribio mawili, yaani vipande vifupi vya msimbo vya kuthibitisha kwamba kosa halirudi. Nikishaongeza, analikubali. Nimesoma mara nne kuhakikisha sikuelewa vibaya.

Mwenye nyumba, Mzee Kondo, alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaitika, akauliza mbona natembea nacheka peke yangu. Nikamweleza.

"Watakulipa bila kukuona sura? Mimi mama yako nilimkagua wiki nzima ndipo nikampa chumba. Na chenyewe kinavuja."

Mkewe, Bi Saumu, akasema kutoka ndani, "Bado kinavuja, Mzee."

Nimecheka hadi chumbani. Furaha. Sina neno jingine.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mpango: kesho jaribio la kwanza, Jumapili la pili, Jumatatu asubuhi natuma. Bando nimenunua la kutosha.

Nyongeza, jioni. Mzee Kondo ameanguka uani akitoka kutawadha. Hakuweza kusema. Vijana wa duka la jirani wamembeba hadi kwenye gari. Bi Saumu ameenda naye bila viatu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amefariki alfajiri.

Saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limefungwa barabarani, viti vimeshushwa. Maduka yote ya upande wetu yamefunga. Wanaume nje, wanawake uani na ndani. Mazishi kesho, anasubiriwa mwanawe kutoka Lindi.

Chumba chetu kimepewa wageni kutoka Rufiji, akina mama saba na watoto. Kompyuta iko humo, chini ya nguo zetu. Mama ndiye aliyewapa na hakuniuliza. Sisi ni Wakristo, watu wa Masasi, lakini miaka kumi na minne mzee huyu hajatupandishia kodi bila kutuita kwanza na kutueleza. Ada yangu ya kidato cha tatu ilipokwama, alimwambia Mama kodi isubiri. Mama hajasahau. Leo amejifunga kanga mbili na kushika jiko tangu asubuhi.

Mimi vitunguu. Halafu maji. Halafu masufuria. Sikuandika hata mstari mmoja.

Nimelia nikikata vitunguu, hakuna aliyejua kilio ni cha nini. Hata mimi sijui. Nilimpenda.

Jumapili, 20 Oktoba

Wamemzika baada ya adhuhuri. Jeneza lilipotoka Bi Saumu hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, Kondo." Basi.

Wanaume walipoondoka kwenda makaburini uwanja ulipungua watu. Nikaona hapa ndipo. Nikaingia chumbani, nikatoa kompyuta, nikaitia kwenye mkoba. Nilitaka kukaa kwenye meza yetu Mchikichini saa mbili tu. Nilifika mlango wa uani.

"Wee Neema, na mkoba wapi?" Ni Mama Zuhura, mpangaji wa chumba cha mbele, ameinamia sufuria la pilau na mwiko wake.

Nikasema kazini.

"Kazi gani hiyo ya kompyuta siku ya maziko? Mwenye duka la vitenge kafunga. Mwenye duka la simu kafunga. Wewe ndio gavana?"

Wakacheka, hata waliokuwa na macho mekundu. Mama hakucheka. Alinitazama mara moja, akageukia jiko. Nikarudisha mkoba.

Na kweli, ningejibu nini? Sina ofisi. Sina bosi wa kumpigia simu mbele yao. Ningekuwa hata karani wa stoo wangesema nenda mwanangu, usije ukafukuzwa. Kazi yangu haionekani, kwa hiyo haipo.

Kwa dakika chache nilimchukia Mzee Kondo kwa kufa Jumamosi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nimejiona mchafu.

Jioni nilikaa kwenye ngazi ya choo na simu, nikaanza kumwandikia Marta. "Tumefiwa, naomba siku mbili." Nikaisoma. Nikaifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mzee bado hajamaliza siku moja kaburini na mimi namweka mezani aninunulie muda. Tena hakuwa babu yangu wa damu. Watadhani ni uongo wa mwombaji. Kila mwombaji ana maiti yake. Pia Marta ni mkubwa kwangu na ameshasema Jumatatu. Mtu akishakupa siku, humrudii kumwomba nyingine.

Sikutuma.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku ya mwisho. Muda unafungwa saa sita usiku kwa saa zetu.

Leo ndiyo ilikuwa khitma. Watu wengi kuliko jana. Nimebeba sinia tangu mchana, mikono haikunjiki. Umeme wa nyumba wote uko kwenye waya mmoja: spika za dua, friji, simu za wageni. Kompyuta haikuwa na chaji. Nilichomoa simu ya mtu, nikachomeka kompyuta. Dakika kumi baadaye nikakuta imechomolewa. Sijui ni nani. Nisingeweza kuuliza.

Saa tatu usiku nilijifungia kwenye stoo ya mchele. Jaribio la kwanza likapita. La pili likakataa. Nikalitazama. Nilijua kosa liko karibu, kwenye mstari wa tatu au wa nne, na akili haikutaka kusogea. Mama akaniita, Bi Saumu ametapika na hana mtu wa kumshika. Nikaenda. Nilimwosha uso, nikabadilisha shuka, nikakaa naye hadi akalala.

Niliporudi, muda ulikuwa umeshafungwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Turubai limefunguliwa. Wageni wameondoka. Chumba kinanuka marashi na mafuta ya watoto.

Nimelala.

Jumatatu, 28 Oktoba

Majina yametoka. Wawili. Mimi simo. Nilijua, lakini niliangalia mara mbili, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

Marta ameniandikia pembeni. Anauliza kulitokea nini, mbona nilinyamaza nikiwa nimebakiza kidogo namna ile. Nimemjibu ukweli. Mwenye nyumba wetu alifariki, nyumba ilikuwa na msiba, nilikuwa nahudumia. Sentensi tatu. Hazikuniuma kuandika. Hilo ndilo limeniuma.

Jumanne, 29 Oktoba

Marta amejibu. Ametoa pole kwangu na kwa familia ya marehemu. Anasema ningemwambia angeniongezea wiki nzima. Wanafanya hivyo kwa mtu yeyote aliyefiwa, na hawaulizi marehemu ni nani wako. Raundi hii mwombaji mwingine alipewa siku kwa ajili ya harusi ya dada yake.

Harusi.

Sasa majina yameshafungwa, hana uwezo nayo. Raundi nyingine ni miezi mingi mbele na kila mtu anaanza upya.

Hakuna aliyenishika mkono nisiandike. Si Mama. Si Mama Zuhura. Nimejaribu kutafuta wa kumlaumu tangu mchana. Nimekosa. Na hata sasa, nikijirudisha pale kwenye ngazi ya choo na simu mkononi, sioni kama ningetuma.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimerekebisha jaribio la pili. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa nne. Marta amelikubali rekebisho asubuhi hii. Programu sasa inakipata kitabu. Halina malipo.

Mama aliniuliza tukifunga marobota, "Wale watu wako wamekujibu?"

"Wamejibu."

"Wanasemaje?"

Nikatafuta pa kuanzia. Nikasema wametoa pole kwa msiba.

Mama akasimama na kamba mkononi. "Wamempa pole Mzee Kondo? Huko huko waliko?" Nikasema ndiyo. "Watu wema," akasema. Hakuuliza lingine, na mimi sikuongeza.

Jioni alinitangulia kwa Bi Saumu. Nilipoingia kumwamkia, mjane alikuwa kitandani na nguo zake nyeupe za eda, ameshaambiwa habari za pole. Alinishika kiganja. Tangu maziko sikuwa nimeona meno yake.

"Kumbe Kondo kaliliwa mpaka Ulaya. Na alivyokuwa mbishi." Halafu akasema, "Waambie tumepokea. Usisahau, ni adabu."

Nimemwandikia Marta hivyo. Kwamba mke wa marehemu amepokea pole zake na anashukuru.

Kesho ni robota la suruali.