Disketi ya Chanjo

Kang'ata, Handeni
9 Februari 2003

Mpwa wangu Josefina,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo halitaki tena kusikia habari za kuchuchumaa. Mumeo Elisha hajambo? Na wajukuu zangu? Nimesikia mmenunua kompyuta ya nyumbani, na kwamba shuleni kwenu wanakuita daktari wa kompyuta. Basi wewe ni daktari wa pili katika ukoo. Wa kwanza ni mimi, ingawa wagonjwa wangu walikuwa na mikia.

Nimempa kondakta wa basi la Korogwe bahasha kubwa. Ndani mna daftari langu la ubwana mifugo, tangu mwaka 1971 hadi serikali ilipotupunguza kazini mwaka 1994. Nimeandika magonjwa, dawa, majina yake kwa Kizigua na kwa Kimaasai, na josho lipi la kuogeshea ng'ombe lilijengwa lini. Siku hizi majosho yamebaki ya popo. Dawa inauzwa dukani kama pipi, na kila mtu anajichomea ng'ombe wake anavyojua. Iko siku watu watataka kujua tulivyokuwa tukifanya. Nakuomba ulipige chapa na kulihifadhi humo kwenye kompyuta, kabla mchwa hawajamaliza kazi waliyoianza kwenye jalada.

Ila niambie kwanza, hilo sanduku linalindwaje? Nasikia nazo zinaugua. Sitaki kutoa ng'ombe kwenye zizi lenye mchwa nikamtia kwenye zizi lenye fisi.

Ni mimi mjomba wako,
Semboja


Korogwe
23 Februari 2003

Mjomba shikamoo,

Pole na goti. Sisi huku wazima, Elisha anakusalimu na watoto wanauliza kama utawaletea asali. Daftari limefika salama. Nimeshapiga chapa hadi mwaka 1979, na mwandiko wako, mjomba, ni adhabu ya viboko.

Umeuliza kuhusu ulinzi. Nimehangaika nao mwezi mzima, kwa hiyo nisikilize. Wa kwanza ni programu ya kuua virusi. Hiyo inapima kila kitu kinachoingia. Muuzaji wa Tanga alinishauri niweke mbili kwa pamoja, nikakubali kama mjinga. Zikaanza kushukiana zenyewe kwa zenyewe, kompyuta ikawa inatambaa, mpaka nikaondoa moja. Wa pili anakaa kwenye mlango wa simu, maana tukiunganisha mtandao kwa waya wa simu, kuna watu wa mbali wanaojaribu kuingia. Wa tatu ananusa programu za kipelelezi zinazojificha ndani. Huyo sijaamua ninunue yupi, na hata yule wa kwanza nataka kumbadilisha, ni wa zamani. Elisha anasema nyumba yetu wenyewe haina kufuli la maana, lakini kompyuta ina askari watatu.

Sababu ya wasiwasi wangu ni yaliyotokea shuleni. Jumatatu ya tarehe tatu, kompyuta ya ofisi iliamka tupu. Alama zote za kidato cha nne zimepotea, za miaka miwili. Kwenye kikao cha walimu mkuu wa shule aliniuliza mimi, kama mtaalamu, virusi vimetoka wapi. Nikasema ninavyojua, kwamba Zamda, yule binti mpiga chapa wetu, huwa anabeba disketi huku na huku. Ameachishwa kazi. Inasikitisha, lakini uzembe una bei yake.

Halafu, mjomba, mwaka 1986 kurasa mbili zimechanwa. Unakumbuka zilikuwa na nini?

Mpwa wako,
Josefina


Kang'ata
9 Machi 2003

Mpwa wangu,

Marahaba. Asali ipo, walete hao wajukuu waifuate wenyewe.

Nimekuelewa kuhusu askari wako. Mbwa dume wawili hawalindi lango moja, hilo hata muuzaji wa Tanga angeuliza angeambiwa. Lakini naona umesahau mlinzi mmoja. Mmaasai hafugi ng'ombe wake wote katika boma moja. Wawili huwaweka kwa rafiki, watatu kwa shemeji, mbali. Ugonjwa ukiingia nyumbani, mbegu haipotei. Daftari langu uliandike mara tatu, na nakala zikalale nyumba tofauti, kwa watu unaowaamini.

Kurasa za 1986 nadhani ni mchwa.

Sasa niulize la kizee. Huyo Zamda, kuna mtu alimwona kwa macho akiingiza ugonjwa? Ng'ombe wakifa ghafla, watu huuliza mgeni gani amepita. Hawamhesabu yule anayepita kila siku, boma hadi boma, akikaribishwa maziwa. Shuleni kwenu nani alikuwa akipita kompyuta hadi kompyuta?

Nauliza tu.

Mjomba wako,
Semboja


Kang'ata
27 Aprili 2003

Mpwa wangu,

Pasaka imepita hukuja wala hukuandika. Kondakta anasema alikuona sokoni mzima wa afya, ukamgeuzia uso alipotaka kukuuliza kama una mzigo wa Kang'ata. Kama nimekukosea, nikanye. Kama ni daftari limepotea, sema tu, sitakufa.

Mjomba


Korogwe
4 Mei 2003

Mjomba shikamoo,

Daftari lipo. Watoto wazima. Mimi siwezi kusema ni mzima, ingawa sina homa.

Barua yako ya Machi niliisoma nikakasirika. Nikajiambia, mzee anajua nini. Wiki iliyofuata nikanunua sidii ya ulinzi mpya, ile ya kulipia kwa mwaka mzima, nikaweka askari wote sawasawa. Jioni hiyo nikaona nipime na disketi zangu zote, moja baada ya nyingine, arobaini na mbili. Moja tu ilikuwa na virusi.

Mjomba, ilikuwa disketi yangu ya dawa. Ile iliyonipa jina la udaktari. Ina programu ya kusafisha, nami nilikuwa nikienda nayo kokote kompyuta inapougua. Disketi ina kidirisha kidogo pembeni. Ukikiweka wazi, hakuna kinachoweza kuandikwa juu yake. Ukikifunga, chochote kinaingia. Changu kilikuwa kimefungwa. Jumamosi ya tarehe 25 Januari nilisafisha kompyuta ya duka moja la kupiga chapa hapa mjini, ilikuwa imeoza kwa virusi. Jumatatu nikaenda na disketi ileile kuichanja kompyuta ya shule, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Tarehe imeandikwa ndani ya disketi, siwezi kuibishia. Kompyuta yangu ilipona kwa sababu tu niliisafisha kabla ya Jumamosi ile, na sikuitia tena disketi hiyo humo.

Bado sijafika kwenye baya zaidi. Zamda alikuwa akija kwangu Jumamosi kujifunza, na disketi zake tatu aliziacha kwenye droo yangu. Kwenye kile kikao alisimama, mbele ya walimu wote, akasema, "Mwalimu Josefina, disketi zangu ziko kwako. Zipime." Nilimjibu kwamba si lazima. Sikuzipima, mjomba. Nadhani niliogopa zisije zikawa safi. Nimezipima sasa. Ni safi zote.

Zamda amerudi kwa mama yake huko Ngombezi, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Nasikia anafunga katani kiwandani. Ni binti anayepiga chapa bila kutazama vidole.

Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe. Hata Elisha sijamwambia. Mkuu wa shule ananitaka niwe msimamizi wa chumba kipya cha kompyuta, zinakuja kumi za msaada. Kila akiniita daktari, natamani sakafu ipasuke. Asubuhi naamka nimeazimia kusema, nikifika getini nakuta nimeshapata sababu ya kungoja kesho.

Nimeona haya hata kukuandikia. Usinijibu kwa methali, tafadhali.

Mpwa wako


Kang'ata
18 Mei 2003

Josefina mwanangu,

Marahaba. Sitakujibu kwa methali. Nakujibu kwa zile kurasa mbili, utazikuta ndani ya bahasha. Hazikuliwa na mchwa. Nilizichana mimi, na kwa miaka kumi na saba zimekaa ndani ya kopo la dawa juu ya dari.

Zinasema hivi. Mwaka 1986 tulichanja kimeta. Sindano zilikuwa hazipatikani, nilikuwa na mbili, moja ikakatika. Kanuni ni kuchemsha sindano kila boma. Siku hiyo jua lilikuwa kali, kuni mbali, nami nilikuwa kijana wa watu, nataka kumaliza maboma manne niwahi mpira. Sikuchemsha. Boma la kwanza lilikuwa na ndigana baridi, ugonjwa unaobebwa na damu, bila mimi kujua. Nikaibeba kwenye sindano mpaka boma la Parsaoti. Baada ya wiki tatu ng'ombe kumi na tisa wa Parsaoti walikuwa wamekufa.

Nilielewa nilipowapasua. Wakubwa walipokuja kutoka Handeni mjini kuuliza, nikasema jirani yake, Lekakeny, alikuwa ameleta mitamba miwili ya mahari kutoka Kiteto bila kibali. Ilikuwa kweli ameileta. Hiyo kweli ndogo ndiyo niliyojifichia. Lekakeny akazuiwa josho. Parsaoti, rafiki yake wa utoto, akaacha kumpa mkono. Mwaka huohuo Lekakeny akahama na watoto wake kwenda nyika ya huko Mkata. Mimi nikapewa cheti cha utumishi bora.

Barua yako ilipofika nililia, mzee mzima. Kisha nikapanda gari la mahindi mpaka Mkata, nikauliza, nikatembea na goti langu. Lekakeny alikufa masika ya mwaka juzi. Nimemkosa kwa miaka miwili tu, baada ya kuwa nayo kumi na mitano.

Mkewe Simaloi alinikaribisha maziwa. Nikayaweka chini, nikasema yote mbele ya wanawe. Akasema, "Alijua. Alikuona hukuchemsha sindano."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, nani angemsikiliza mfugaji mbele ya bwana mifugo? Alikuwa akiwaambia wanawe, mwacheni Semboja, atakuja mwenyewe. Kila gari likisimama barabarani alikuwa akiuliza ni nani ameshuka.

Sikuamrishi kitu. Kwa Parsaoti nimeshakwenda juzi, kanifukuza, na ni haki yake. Zamda yuko Ngombezi, na Ngombezi si mbali.

Mjomba wako,
Semboja


Korogwe
8 Juni 2003

Mjomba shikamoo,

Goti linaendeleaje baada ya mwendo ule? Pole, na asante. Elisha sasa anajua, na ameniuguza kwa kukaa karibu bila kusema mengi.

Siku niliyopata barua yako nilikwenda Ngombezi. Nilimkuta Zamda anafua, mikono yote ina mikwaruzo ya mkonge. Mama yake akanipa kigoda. Nikaeleza kila kitu, nikaomba radhi, nikalia. Hakulia. Alisuuza shuka, akalikamua, akaniuliza, "Mwalimu, uliponitaja tulikuwa wapi?"

Nikasema kwenye kikao.

"Na sasa tuko wapi?"

Mjomba, nilikuwa nimefikiri kwenda kule ndiko kugumu. Nilirudi Korogwe kwa baiskeli ya kukodi nikiwa nimejaa aibu mpya, maana niliona nilichokuwa nimekifuata ni kusamehewa kimyakimya, ili Jumatatu niendelee kuitwa daktari.

Nikasubiri kikao cha walimu. Nikasimama mahali aliposimama Zamda. Nikaionyesha ile disketi na kidirisha chake, nikaonyesha na zile tatu. Mwalimu mmoja akacheka, nadhani kwa kutojua afanye nini. Mkuu wa shule alitazama meza muda wote, kisha akasema chumba cha kompyuta kitapata msimamizi mwingine, na kwamba Zamda ataandikiwa barua ya kurudi kazini. Wanafunzi sijui wamesikia kwa nani. Juzi ubaoni kwangu mtu alichora bomba la sindano. Nililifuta, nikafundisha.

Kurasa za 1986 nimezipiga chapa kama zilivyo, mahali pake, baada ya Mei na kabla ya Agosti. Sikurekebisha hata neno. Daftari limekwisha, nakala tatu kama ulivyoagiza. Moja iko kwenye kompyuta hapa, kwa askari wangu wote. Moja anakuletea kondakta, iweke kwenye lile kopo, sasa lina nafasi.

Ya tatu nilifikiri sana ilale nyumba gani. Uliniambia kwa mtu unayemwamini. Jumamosi nikarudi Ngombezi, nikampa Zamda nakala hiyo ndani ya disketi. Nilimwambia ni daftari la mjomba wangu, na kwamba kama hataki nitaelewa.

Aliipokea kwa vidole viwili. Akaigeuza, akatazama kidirisha cha pembeni. Kilikuwa wazi, kama kinavyotakiwa.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Kwa kompyuta yako?"

"Kwa yangu."

Akaifunga kwenye pindo la kanga. "Jumatatu naanza kazi," akasema. "Nitaipima mwenyewe kwanza."

Iliniuma, mjomba. Lakini nilimwachia.

Mpwa wako,
Josefina