Kopi ya Mkataba wa Mama Berthe

UMOJA WA WASHONAJI WA SOKO KUU, BUTEMBO
KIKAO CHA KAMATI

Tarehe: Jumatano, 14 Machi 2001
Mahali: atelier ya kushonea ya Mama Présidente (Mwenyekiti wetu), nyuma ya soko
Kikao kiliitwa saa nane. Kilianza saa tisa kwa sababu ya mvua, na kwa sababu ya watu wenye wanajijua.

WALIOKUWEPO
Mama Débora Katungu, Mwenyekiti
Mama Jokébed Kavira, Makamu (mke wa mdogo wake Papa Kitsa, mwenye depo ya mashine za mkopo)
Mama Marie-Jeanne, Mweka hazina
Mama Berthe Kahindo, Mjumbe
Éliakim Muyisa, Mwandishi

ASIYEKUWEPO
Jean-de-Dieu, Mjumbe. Alituma habari kwamba anaumwa. Mwandishi, akiwa njiani kuja, alimuona kwa nganda mbele ya chupa ya bia. Ugonjwa haukuonekana.

KUMB. NA. 1/03/2001: KUFUNGUA

Mama Marie-Jeanne aliongoza sala. Aliombea barabara ya Beni, askari wa pande zote, bei ya uzi, na "bale benye banakula jasho ya bajane". Makamu aliitika amina kwa sauti ya chini.

KUMB. NA. 2/03/2001: SHAURI LA MAMA BERTHE

Mwenyekiti alieleza kwamba Mama Berthe, mjane, alichukua mashine ya kushona kwa mkopo katika depo ya Papa Kitsa, kama wengi wetu. Desturi ya depo inajulikana. Unatia sahihi kwenye mkataba, mkataba unabaki depo, wewe unaondoka na kadi ya kijani, na kila ukilipa kadi inagongwa muhuri, ile cachet ya depo. Tangu barabara ya Eringeti ifungwe wanunuzi hawafiki tena, na Mama Berthe amechelewa kulipa. Juma lililopita vijana wa depo walifika kwake na ngazi. Mashine hawakuiulizia. Walisema wametumwa kushusha mabati ya nyumba, kwa kuwa mabati ndiyo rehani iliyoandikwa. Majirani waliwafukuza, lakini waliahidi kurudi.

Mama Berthe alipewa neno. Alisema: "Rehani ni mashine, njo vile nilikubali. Lakini manjanja, mabati ya nyumba? Marehemu bwana yangu aliipigilia na mikono yake. Na hii mvua, batoto balale wapi?" Alilia.

Mwandishi alitoa ripoti ya maombi ya kopi ya mkataba. Ombi la kwanza lilijibiwa kwamba mkataba ni wa depo na unabaki kwa depo. La pili lilijibiwa hivi: "Mulete demande kwa maandishi, na feza ya karatasi, na mupite siku ya Jumanne." Demande, yaani barua ya ombi, iliandikwa na mwandishi huyu, bila kosa hata moja. Jumanne ilipofika, ilisemwa kwamba mikataba imefungiwa Beni, tupite Jumanne ingine. Jumanne ingine, jenereta ya fotokopi haikuwa na mafuta. Mwandishi alijitolea kwenda kunakili kwa mkono, bure. Papa Kitsa alimwambia: "Mukono yako, Éliakim, haiko na cachet." Mwandishi anaomba ieleweke kwamba hakukasirika.

KUMB. NA. 3/03/2001: MAJADILIANO

Makamu alisema kwamba shemeji yake si mwizi. Aliwakumbusha wajumbe nani aliwakopesha wakati kila mtu alifunga mlango. "Banki iko wapi hapa Butembo? Munionyeshe." Mwenyekiti alikubali kwamba hilo ni kweli. Makamu aliongeza kwamba wanaopiga kelele ni walewale wanaochelewa kulipa. Mama Marie-Jeanne aliuliza kama kadi ya Makamu mwenyewe iko na muhuri wa mwezi huu. Makamu alijibu kwamba kadi yake haiko kwenye ajenda. Yakafuata maneno mengine ambayo mwandishi ameyaacha, mpaka Mwenyekiti akagonga meza kwa mkasi.

Hapo Mama Marie-Jeanne alitoa karatasi kwenye mfuko wake na kuiweka juu ya meza, pamoja na mkate mmoja wa mafuta uliobaki. Alieleza kwamba alikuwa Mbau, ambako barabara bado inapitika, kumuona shangazi yake mgonjwa. Pale barabarani, tangu vita, karatasi imekuwa shida, na mama wauza mikate wananunua karatasi kuukuu kwa kilo ili wafungie. "Nakula mukate ya kwanza, nakula ya pili, njo naona cachet ya depo ya Papa Kitsa. Mungu wangu! Nilisimama palepale, mukate mu kinywa."

Mwandishi aliisoma karatasi kwa sauti, mahali pasipo na mafuta. Ni mkataba wa mtu wa Oicha ambaye hatumjui. Kipengele cha nne kinasema kwamba rehani ni kile kitu kilichokopwa, na hakuna kingine. Mwenyekiti aliuliza kama mkataba wa Mama Berthe ulikuwa tofauti. Makamu, baada ya kuangalia kucha zake, alisema hapana. Mikataba yote ilipigwa kwa mashine sawasawa, ni jina na kitu tu vinajazwa kwa kalamu. Yeye mwenyewe alisaidia kuipanga mezani kwa shemeji.

Aliulizwa karatasi ya depo imefikaje Mbau. Makamu alisema yote. Papa Kitsa aliogopa depo ya Butembo itaporwa, akapeleka mikataba yote kwa wakwe zake Mbau. Majuma yaleyale, watu wa Mbau walikuwa wanaleta vitu vyao Butembo kuvificha. Wakwe walikimbilia porini, nyumba ikavunjwa. "Karatasi yote iliisha mu mikate. Aliniambia nisiseme, sababu batu bataacha kulipa. Nilinyamaza. Lakini manjanja ya mujane, hapana! Hiyo sikujua, na sikubali."

Kikao kilishangaa. Mwandishi ameandika maneno haya kwa heshima.

Mama Marie-Jeanne alipendekeza kadi zote zitupwe kwenye moto wa jiko leo leo, kwa kuwa mkataba hakuna. Mama Berthe alikataa. "Miye niko na deni. Mashine iko kwangu, inashona, njo inalisha batoto. Nitalipa. Chenye nakataa ni manjanja." Mwenyekiti alisema hapo hakuna cha kuongeza. Pendekezo la kutupa kadi lilianguka, na mwenye pendekezo alilicheka mwenyewe.

Makamu aliomba ruhusa ya kwenda kumwita Papa Kitsa, kwa kuwa depo iko ng'ambo ya njia. Aliondoka bila mwavuli.

KUMB. NA. 4/03/2001: PAPA KITSA MBELE YA KIKAO

Papa Kitsa aliingia na koti yake ya Jumapili. Alikataa kiti, akisema hana wakati. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akasogeza mbele yake ule mkate juu ya karatasi yake. Papa Kitsa aliangalia mkate, akaangalia karatasi, akamwangalia Makamu. Akaketi.

"Shemeji, njo umenifanya hivi?"

"Njo vile, shemeji."

Papa Kitsa alieleza kwamba naye anadaiwa Kampala, na wale hawangoji vita viishe. Mabati aliyataja kwa sababu bei ya mashine imeshuka, na alijua hakuna mwenye karatasi ya kumpinga. Mwenyekiti alimwambia kwamba shida yake tumeisikia na deni lake litalipwa. Kisha akamuuliza kama anaweza kumwangalia Mama Berthe machoni na kurudia neno la mabati. Papa Kitsa alimgeukia Mama Berthe. Alisema: "Pole, mama." Mama Berthe alijibu kwamba ameipokea.

Iliamuliwa, na wote wakakubali, kwamba mkataba mmoja mpya uandikwe papo hapo kwa wanachama wote. Kadi za kijani zinabaki halali kwa mihuri yake. Rehani ni mashine peke yake. Wanaochelewa, Mama Berthe wa kwanza, watangojewa mpaka barabara ifunguke, na ngazi ya depo isionekane tena kwenye nyumba ya mwanachama.

Mkataba uliandikwa na mwandishi huyu. Papa Kitsa alitia sahihi na kugonga cachet. Mukono ya Éliakim sasa iko na cachet.

KUMB. NA. 5/03/2001: MENGINEYO

Papa Kitsa, akiwa mlangoni, aliomba apewe kopi.

Mwenyekiti alimwangalia Makamu. Makamu ndiye aliyejibu, kwa adabu yote, kwamba mkataba ni wa Umoja na unabaki kwa Umoja. Shemeji alete demande kwa maandishi, na feza ya karatasi, na apite siku ya Jumanne.

Kicheko cha wajumbe hakikuandikwa. Papa Kitsa naye alicheka kidogo, akachukua mkate, akaondoka.

KUACHANA

Wajumbe waliachana saa kumi na moja na nusu, wingu likiwa limefunga tena. Chai iliandaliwa, lakini Mama Berthe hakungoja. Alisema mvua inakuja, na leo anataka kulala akiisikia juu ya manjanja yake.

Débora Katungu, Mwenyekiti (sahihi)
Éliakim Muyisa, Mwandishi (sahihi)