Elsie wa Kofia ya Birika

Huddersfield, 11 Januari 1999

Mwanangu Russell,

Hujambo huko kwenye jua? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamikia baridi, na mama yako mdogo Elsie kateleza kwenye barafu mlangoni kwa muuza nyama. Hakuvunjika kitu, kavunja mayai tu. Anakusalimu.

Haya, sasa nieleze. Leo asubuhi postamani kaniletea bahasha nene kutoka kwa kampuni yako. Wanataka nisaini kwamba Elsie Mrefu, yule wa kwenye gemu lenu la kompyuta, ni mali yao tangu alipozaliwa, na kwamba mimi sina haki yoyote juu yake. Chini kuna sahihi yako, meneja. Niliivalia miwani mara mbili. Ni yako kweli, ile R yenye mkia, niliyokufundisha mwenyewe kwenye meza hii hii.

Tangu alipozaliwa! Alizaliwa jikoni kwangu, Russell, Novemba ya themanini na tatu, studio yenu ya magemu haina hata jina. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umechomeka kompyuta yako kwenye televisheni yangu, nami sioni hata taarifa ya habari. Ukaniomba nikuchoree mama muuza maziwa anayeruka kuta za mawe na kufukuzana na kondoo. Kazi yangu mimi ni kuchora michoro ya sweta, kwa hiyo nikakuchorea kwenye karatasi yangu ya kufumia. Nilimchora mama yako mdogo kama alivyo, mnene, wa mviringo, na kapu lake la chupa. Tukasahau kitu kimoja. Kitanzi cha sweta ni kipana kuliko urefu wake, ndiyo maana vijumba, vile vimraba vya karatasi yetu wafumaji, vimelala. Vya televisheni viko sawa pande zote. Ulipomaliza kumwingiza kijumba kwa kijumba, akatokea mwembamba kama ufagio, na shingo hiyo! Ulitaka kulia. Elsie mwenyewe alipokuja Krismasi na kumwona, gemu lishakwisha, akasema, "Mwacheni hivyo hivyo, miaka yote natafuta kupungua." Tukamwacha, na watoto wa nchi nzima wakampenda kwa shingo yake.

Gurdeep, uliyeanza naye studio hapo juu ya duka langu la nyuzi, ananiambia kazini watu wananong'ona kwamba mnafunga. Kweli au uongo? Usinipigie simu, kwenye simu unanibembeleza. Niandikie.

Mama yako,
Hilda


San Jose, 29 Januari 1999

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini goti limepata nafuu na mama mdogo ameshapoa. Mimi ni mzima, kazi tu ndizo nyingi.

Ni kweli, Mama. Studio ya Huddersfield itafungwa tarehe 30 Aprili, na watu wote arobaini na mmoja wataondoka. Si mimi niliyeamua, mimi nimeambiwa nitekeleze. Elsie wa gemu atahamia huku. Watamtengeneza upya, awe msichana, awe na bunduki. Mambo ya maziwa yamepitwa na wakati.

Ile karatasi ni utaratibu tu, kila mtu anasaini. Ukisaini nitapumua, maana wakubwa macho yao yote yako kwangu. Kampuni itakutumia kompyuta mpya kama shukrani.

Tafadhali usiende kazini kwa akina Gurdeep kuwachochea. Nakujua.

Mwanao akupendaye,
Russell


Huddersfield, 9 Februari 1999

Mwanangu,

Uliponisalimu kwa adabu nyingi namna ile nikajua kuna jambo. Sisi wazima. Pole wewe.

Bunduki! Elsie! Nilipomsomea mama yako mdogo aliacha pai yake mezani ikapoa, na hilo sijawahi kuliona tangu tukiwa watoto.

Sisaini. Kompyuta yao wakaiweke wanapojua wenyewe. Sikuwahi kuajiriwa na studio, sikutia sahihi popote, na mwaka wa tisini na nne mlipoiuza kwa hao Wamarekani hakuna aliyeniuliza kitu. Mlidhani mama wa duka la nyuzi ni kabati. Sasa sikiliza. Gurdeep na wenzake wanataka kuanzisha studio yao wenyewe, hapa hapa kwenye jengo la kiwanda cha zamani cha sufu, na mimi nimewaambia Elsie ni wenu, mchukueni. Bila Elsie hakuna duka litakalowapokea. Mwanasheria wetu, binti mmoja wa Leeds anayeongea kama anakimbilia treni, anasema tuonyeshe mchoro wa kwanza. Unao wewe. Ulipoondoka uliniomba uende nao kwa bahati, ukautia kwenye fremu. Pembeni niliandika "Elsie, kwa Russell," na tarehe. Nitumie.

Na kazini kwao nimeshakwenda. Nimepeleka kiti changu na sindano zangu, nakaa karibu na mlango nafuma. Jana bwana mmoja wa kampuni kaniuliza, "Bibi, unamsubiri nani?" Nikamwambia, "Nasubiri wewe uondoke." Chai ikamtoka Gurdeep puani.

Mama yako,
Hilda


Huddersfield, 14 Machi 1999

Russell,

Leo ni Jumapili ya Akina Mama na kadi yako haikuja. Miaka yote ya huko hukuikosa hata mara moja. Jana postamani alinipita hivi hivi, akatazama viatu vyake.

Wiki tano kimya. Sikuulizi kama u mzima, maana amri zako zinafika kwenye kompyuta ya Gurdeep kila siku: rudisheni funguo, hesabuni viti. Vidole vyako havina ugonjwa.

Bwana wa kampuni alikuja nyumbani Jumatano. Nilimpa chai, mimi si mshenzi. Alikunywa vikombe viwili, akaniambia niwe na busara. Nikamwambia busara nilikuwa nayo ujanani, haikunifaa kitu.

Niambie tu mchoro uko wapi. Jibu siliogopi. Kinachonitia uchungu ni huu ukimya wako.

Mama


San Jose, 22 Machi 1999

Mama,

Sijui nikusalimu vipi.

Mchoro sinao. Tarehe 3 Februari, kabla barua yako haijafika, wakubwa waliniambia niwape, nikautoa ukutani kwa mikono yangu. Nilijua wanautakia nini. Wameufungia kwenye kabati la chuma, na wanasheria wao wanaandika kwamba mchoro kama huo haujawahi kuwapo. Nilikuwa chumbani nao walipolisema hilo. Nilinyamaza.

Kadi niliinunua. Iko hapa mezani, nimeshindwa kuandika ndani.

Nisamehe.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Russell


Huddersfield, 30 Machi 1999

Mwanangu Russell,

Bado nakuita hivyo. Usijitie uyatima na mimi ningali hai. Lakini nimekasirika mpaka goti limeacha kuuma. Ungekuwa karibu ningekupiga na sindano nene kuliko zote.

Sasa kaa chini. Mfumaji hatoi mchoro bila kuujaribu kwanza. Anafuma kipande, anakishonea kitambaa chenye jina lake na tarehe, anakiweka. Cha Elsie nilikigeuza kofia ya birika, ya kufunikia chai isipoe. Ile ya kahawia, unaijua, umekunywa chai iliyotoka chini yake nusu ya maisha yako. Juzi nammiminia Gurdeep, akanishika mkono. "Mama Hilda, huyu hapa juu ni nani?" Kwenye sufu Elsie ni mnene kama nilivyomchora, ndiyo maana miaka kumi na tano hakuna aliyemtambua! Hata mimi nilishamzoea, nikamsahau. Tuliwasha gemu tukahesabu, kitanzi kwa kijumba, kuanzia viatu hadi kofia. Hakuna hata kimoja kilichopungua wala kuzidi. Gurdeep alilia, mtu mzima na ndevu zake. Na yule bwana wa kampuni mwenye busara alijimiminia chai mwenyewe, kamshika Elsie kichwani mara mbili!

Ila binti wa Leeds ametutuliza. Anasema watadai kizee kimekaa kikafuma kofia wiki iliyopita na kuishonea tarehe ya zamani. Anataka ushahidi wa mtu aliyekuwepo. Baba yako alishatutangulia. Gurdeep ulimjua Januari iliyofuata. Elsie alikuja Krismasi. Jikoni siku ile tulikuwa wawili tu.

Sikubembelezi. Najua ukiandika kazi huna, na ile nyumba yenye bwawa huna. Ukinyamaza itakuwa mara ya pili, na mara hii utakuwa umeninyamazia mimi. Sisi tutapigana tu, na wewe au bila wewe. Kiti changu bado kiko mlangoni.

Mama yako,
Hilda


San Jose, 12 Aprili 1999

Kwa wanasheria wa kampuni. Nakala kwa Bi. Hilda Sugden, Huddersfield.

Siwaulizi hali, maana sina haja ya kuijua.

Mimi, Russell Sugden, naandika haya kwa mkono wangu. Novemba 1983 nilikuwa jikoni kwa mama yangu nikamwona akimchora Elsie kwa penseli, kwenye karatasi ya kufumia sweta. Hakuna aliyemtuma ila mimi, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule. Wiki hiyo hiyo nilimwona akifuma kofia ya birika kutoka kwenye mchoro huo. Uzi nilimshikia mimi, paka asiuchezee.

Mchoro wenyewe niliwakabidhi tarehe 3 Februari mwaka huu. Pembeni una mwandiko wake na tarehe. Uko kwenye kabati la chuma, ghorofa ya tatu, droo ya pili kutoka juu. Mnasema haujawahi kuwapo. Nendeni mkaangalie. Haya nitayarudia mbele ya hakimu yeyote, mara zote atakazotaka.

Mlinituma nifunge studio ya Huddersfield. Mimi ndiye niliyeifungua, juu ya duka la nyuzi, kwenye televisheni ya mama yangu. Sitaifunga. Ufunguo wa ofisi, wa gari na kadi ya mlangoni nimeviacha mezani. Huku sina anwani tena. Jibu lenu litumeni kwa Hilda Sugden, mtanikuta jikoni.

Russell Sugden,
mwana wa Hilda

(Kwa kalamu, pembeni mwa nakala ya Huddersfield:)

Mama, kadi naileta mwenyewe.