Mama Yuko Safu ya Saba

Shangazi Odile mpendwa, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ijayo.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa sita hapa Lyon, na nyumbani wanaamini kila mchana naenda kujifunza kupiga taipu, lakini ukweli ni kwamba sikujiandikisha kabisa, nafanya kazi sinema, nawamulikia watu tochi mpaka kwenye viti vyao, kwa sababu napenda filamu kuliko kitu chochote na nyumbani siwezi kulisema hilo, maana Mama ni mtu wa kanisa, na padri alipoikataza filamu tunayoonyesha sasa, ya mke mpole wa wakili ambaye kila alasiri huvaa gauni jingine na kwenda kuishi kwa jina jingine kwenye chumba cha kupanga, kwa hamu asizothubutu kumwambia mumewe, Mama alikuwa wa kwanza kutia sahihi barua ya kuipinga.

Sasa, Alhamisi tatu zilizopita, nilielekeza tochi chini kama tulivyofundishwa, tusimmulike mtu usoni, nikaona viatu vya kahawia ninavyovipiga rangi mwenyewe kila Jumamosi. Alikuwa Mama, na miwani myeusi humo gizani! Nilimpeleka safu ya saba, akanitia mkononi sarafu na pipi ya mnanaa, akanong'ona, "Ahsante, binti."

Jioni Baba akamuuliza, "Bibi Peyrard hajambo?" maana Mama huaga kwamba anakwenda kufuma naye.

"Magoti tu, mume wangu, magoti," akajibu, huku ananipakulia supu.

Amekuja tena mara mbili. Mwishoni hulia, nami nimesimama nyuma nalia naye. Nikimwambia nimemwona, naogopa atanionea aibu maisha yote, na nikinyamaza najiona namlaghai. Juzi kaninunulia viatu vya soli laini, akasema, "Vaa hivi, mwanangu, vile vyako vina kelele mno," nikashindwa hata kumtazama. Nampenda sana. Nifanyeje?

Mwenye Tochi

*

Mwenye Tochi,

Kwanza nikugombeze. Siku Baba yako akikuomba umchapie barua, utaichapa kwa tochi? Uongo huo umalize wiki hii.

Sasa soma tena barua yako, mpenzi. Kwenye darasa lenye mashine arobaini zinazogonga kwa pamoja, nani angesikia viatu vyako? Aliyevisikia ameketi safu ya saba. Mama yako anajua, na badala ya kukufokea kakununulia viatu vya kazi.

Basi Alhamisi vivae. Mpeleke kitini kwake, na filamu ikikaribia kwisha zima tochi, ukae kando yake. Usimuulize kinachomleta pale. Hamu za mtu mzima si za kuhojiwa na mwanawe. Uongo wa magoti ya Bibi Peyrard nao mwachie Mama yako na mumewe. Wewe sema la kwako: mkiwa njiani mwambie taipu huijui na kazi unaipenda. Akikuambia lake, sikiliza. Asipokuambia, mshike mkono mrudi nyumbani.

Na leso, beba mbili.