Ngonga Kwanza

Kyela, Jumapili mchana

Dada Saida,

Ugonile. Ningekuwa nakusalimu uso kwa uso ungenijibu "Ndaga" kwa lafudhi yako ya Tanga, ukaivuta mpaka manesi waache kazi wacheke.

Nimechelewa kukuandikia. Nilitaka kwanza nizoee, na sijazoea. Ulituaga kwamba unakwenda likizo ya wiki mbili. Simu ilipofika kwamba homa imekuchukua, ulikuwa umeshazikwa siku ile ile, kama ilivyo desturi ya dini yenu. Sisi Wanyakyusa huomboleza siku nyingi, tukiwa wengi. Safari hii tulikaa tu kwenye chumba cha kompyuta cha hospitali, mimi na Nesi Tupokigwe, hatuna hata kaburi la kulitazama.

Nikupe habari. Mnara wa simu umeshajengwa, na wanunuzi wa kakao wanabishana bei barabarani mkono mmoja sikioni. Tumepata printa isiyopiga kelele. Lakini ninalotaka kukuambia ni moja, na limenifanya nikuogope upya, woga ule wa mtu anayesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko alivyodhani.

Unakumbuka ulivyotukuta. Mafundi walikuwa wakija mara moja kwa mwaka na furushi la disketi, wanabadilisha programu nzima ya chanjo kwa siku moja, wanakula wali wetu, na kesho yake wamepanda basi la Mbeya. Kilichoharibika kilibaki kimeharibika hadi mwaka unaofuata. Nilikuwa na madaftari mawili, moja la kuiridhisha kompyuta, jingine la ukweli. Uliyaona siku ya kwanza. Nikadhani utanifukuza. Uliniuliza tu, "Mdogo wangu, hili la ukweli naweza kuliazima?"

Wiki yako ya kwanza hukugusa kompyuta. Ulipanda Landrova hadi kata ya Ngana, ukakaa kwenye mkeka na akina mama wenye watoto, ukamtazama Nesi Tupokigwe akihangaika na orodha yetu ya watoto kwenye manyunyu. Uliporudi ulibadilisha kitu kimoja: majina yakafuata mpangilio wa vijiji njiani badala ya alfabeti. Basi. Jumanne iliyofuata Nesi alikuwa nayo mkononi. Jumatano ulimuuliza imefaaje. Alhamisi ukarekebisha. Niliandika katika shajara yangu juma lile: "Huyu mwanamke hufanya kazi ya mwaka vipande vipande vya siku tatu." Sikujua bado kwamba hiyo ndiyo siri yote. Kitu kidogo kitoke upesi, kikaonekane na mtumiaji, ndipo kifuate kingine.

Na siku nilipofuta orodha yote ya Ngana. Ulirudisha nakala ya jana kutoka kwenye disketi, ukavuta kiti, ukasema, "Sasa tuambizane. Programu ilikuruhusuje?" Hukuuliza kwa nini nimefanya. Kabla ya saa sita ile amri ya kufuta ilikuwa inauliza mara mbili. Tangu sekondari nilizoea kwamba kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ana adhabu. Usiku ule sikuandika chochote.

Halafu wale watoto wako wa karatasi. Watoto arobaini wa kubuni uliowapa tarehe za kuzaliwa na kadi za chanjo, na kila badiliko ilibidi liwapite wao kwanza kabla ya kwenda kwa watoto wenye damu. Akina Kombo, Hatibu, Salimu, Shekue. Nesi alikuwa akikutania: "Dada Saida, umezaa huko Tanga umetuletea tuwalee?"

Sasa nisikilize.

Miezi miwili baada yako, Daktari mkuu aliniita. Watoto wengi walikuwa wameandikishwa mara mbili, kwa bibi na kwa mama, na makarani huandika jina moja kwa namna tatu. Alitaka programu iwaondoe waliojirudia, na itumike kata zote Jumatatu, kabla ya kampeni ya surua. Nilikaa nikaiandika. Nilifurahi nayo, nisikufiche. Mtoto mwenye herufi tatu za mwanzo za jina la ukoo sawa na za mwenzake, kijiji kimoja, mwezi mmoja wa kuzaliwa, akahesabiwa kuwa ni yule yule. Watoto wa karatasi wakapita wote arobaini. Hakuna aliyepotea.

Umeshaona? Mimi sikuona. Mimi, ambaye nimeandika Mwa- kwenye kila daftari tangu darasa la kwanza!

Lakini kwa vile mkono wako bado uko juu ya mkono wangu, nilimwambia Daktari, "Ngonga kwanza. Kata moja, siku moja, tuone." Alivua miwani. Akasema taratibu, si kwa ubaya, "Subilaga, Saida amefariki. Unasubiri ruhusa ya nani?" Nikasema tena, "Ngonga kwanza," kama mtoto mkaidi. Akapunga mkono. Haya.

Jumatatu saa nane mchana Landrova ilirudi. Nesi Tupokigwe alishuka na orodha ameikunja kama ya kuchapia mtu. "Kompyuta yenu imekula watoto!" Alipiga mezani. "Akina mama wamenijaa mpaka nje ya uzio, orodha ina mistari ya kuhesabu kwa vidole! Chanjo mlizonifungashia kwa orodha hiyo zimekwisha saa nne. Nimewarudisha watu, mie! Watu walioacha mpunga shambani!"

Nikasoma orodha. Karibu kila ukoo wa Ngonga huanza Mwa. Programu ilikuwa imewachukua watoto wa kijiji kizima waliozaliwa mwezi mmoja ikawafanya mtoto mmoja. Watoto wako wa karatasi walikuwa wa pwani, dada yangu. Wasingeweza kunionya.

Nilirudisha nakala ya Ijumaa. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kesho yake Nesi alirudi Ngonga na orodha kamili na boksi la chanjo limejaa, nami nikiwa nyuma ya Landrova, nikiita majina kwa sauti yangu mwenyewe. Kata nyingine zote hazikuguswa. Hapo ndipo nilipokaa kwenye ukuta wa zahanati nikashika kichwa. Ulikuwa hujui kuhusu kosa hili. Hata wewe ulikuwa na sehemu yako ndani yake. Na bado njia uliyotuachia ilitosha kulishika, mikono yako ikiwa tayari chini ya udongo. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Kanisani tunaambiwa juu ya mambo yanayofanya kazi bila kuonekana, na mimi nilikuwa nadhani ni mahubiri.

Daktari aliuliza nani aliandika. Nikasema mimi. Kisha nikaona nifanye kama wewe, nikavuta kiti: "Sasa Daktari, tuambizane kazi yetu ilituruhusuje." Akasema, "Hao watoto wa karatasi, tuzae na wa hapa." Tumezaa thelathini. Nesi ndiye aliyewapa majina, akicheka, akisema hawa atawalea mwenyewe.

Lakini lipo ambalo halijakamilika, na ndilo limenifanya nikuandikie leo. Watoto wote wa Ngonga waliorudishwa siku ile tumewachanja, isipokuwa mmoja. Anaitwa Bupe, ana miezi kumi. Mama yake alisubiri jina lisiloitwa, akachoka, akavuka mto Songwe kwenda kwa dada yake upande wa Malawi. Amepelekewa ujumbe mara mbili. Surua imeshasikika ng'ambo ile. Daktari anasema asilimia yetu ya waliochanjwa ni nzuri sana. Najua wewe ungeitikiaje.

Nesi amekubali kunisindikiza. Tunavuka Alhamisi asubuhi, na boksi la baridi. Nakuahidi sitafungua programu ile kubadilisha hata nukta mpaka nimemshika Bupe mkono.

Ndaga fijo, asante sana, Dada Saida. Lala salama huko kwenye mchanga wa kwenu.

Mdogo wako,
Subilaga

Alhamisi, jioni. Sikuifunga barua. Tumemkuta. Amelia sana sindano ilipomwingia, ana mapafu mazuri.