Kitundu cha Mfuniko

Jumamosi, Juni 1953

Mashine yangu kuukuu ya mtumbwi imekubali. Kutwa ilikuwa inawaka, inakwenda kidogo, inazima. Nikasugua plagi, nikakataa msaada, maana ufukwe huu hauna fundi wa kunishinda. Lakini hofu ilinishika. Kesho binti yangu Kabula lazima avuke ghuba kwenda hospitali, mtoto amekaa vibaya tumboni.

Mke wangu akaja kutazama. “Baba Kabula, debe ukilitoboa tundu moja tu, mafuta yanatoka?”

Nikamwambia akapike. Alipoondoka nikaangalia mfuniko wa tangi la mafuta. Nyigu ameziba kitundu cha hewa kwa udongo, na bila hewa kuingia mafuta hayashuki. Nikachokoa kwa mwiba, mashine ikanguruma bila kukata.

Alipouliza mashine ilikuwa na nini, nikasema nilijua tangu asubuhi. Akacheka, akaniongezea samaki.

Ahsante Mungu, Kabula atavuka. Mama Kabula naye ahsante, ila hiyo naiandika hapa tu.